Mnara wa Siloamu na tope la Hanang

Mdogo wangu wa Masakta, barua yako nimeikalia siku kadhaa kabla ya kuijibu, maana swali lako si la kujibiwa mtu akiwa amesimama mlangoni. Unasema shangazi yako alikuwa na nyumba Gendabi. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliposhuka kutoka Mlima Hanang, yeye alipona, lakini nyumba ilikwenda, na baadhi ya wa kwake pia. Baadaye mhubiri mmoja mgeni alisimama mkutanoni, akafungua Amosi 3:6, pale nabii anapouliza kama mji unaweza kupatwa na maafa pasipo mkono wa Bwana. Akahitimisha kwamba walioondoka waliondoka kwa dhambi zao. Tangu siku hiyo shangazi haendi kanisani. Nawe unaniuliza: mimi muumini wa kawaida, sikusoma theolojia, nimwambie nini?

Kwanza pole, na umfikishie shangazi pole zangu. Sasa chukua Biblia yako tusome.

Anza na Luka 13, aya tano za mwanzo. Watu wanamletea Yesu habari ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakiwa katika kutoa dhabihu. Yesu anaona mawazo yao yanakokwenda, kwamba waliokufa hivyo lazima walikuwa wabaya kuliko wengine. Anakataa. Kisha anaongeza tukio ambalo wao hawakulitaja, la mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18 palepale Yerusalemu. Hapo hakuna Pilato wala upanga, ni jengo tu limeanguka. Anauliza kama hao 18 walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wote wa mji, na kwa mara ya pili anajibu hapana. Nionyeshe mahali pengine katika Injili panapokaribia zaidi yaliyotokea Katesh, Gendabi na Jorodom. Mimi sipaoni.

Najua utanishika hapohapo, kwa sababu aya haiishii kwenye hapana. Yesu anaendelea kuwaambia kwamba wasipotubu nao wataangamia, na hilo ndilo linalowatisha wengi. Angalia lakini anasema na nani. Hasemi na ndugu wa marehemu wala hasimami juu ya kifusi. Anasema na watu wazima wenye afya waliokuja na habari za msiba wa wengine, wao wakiwa salama. Walitaka kupima dhambi za waliokufa, naye anawageuzia mizani. Tena soma hadi aya ya 9, wengi huacha mapema mno: pale pana mtini usiozaa, na mtunza shamba anaomba upewe mwaka mmoja zaidi, auchimbulie na kuutia samadi. Nyie wa Hanang mnajua samadi ni kazi ya mikono na mgongo. Huo ndio mwisho wa mafundisho yale.

Na Amosi je? Hatumfuti, yumo. Ila alikuwa nani? Mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, aliyetumwa kwa matajiri wa ufalme wa Israeli enzi za Yeroboamu mwana wa Yoashi. Rudi sura ya pili uone mashtaka yake: wanauza maskini kwa thamani ya jozi ya viatu. Sura ya nne anawageukia wanawake wa Samaria wanaoonea wanyonge huku wakiagiza vinywaji. Amosi alikuwa akiwaonya wenye nguvu kabla ya maafa. Kuyachukua maneno hayo na kumpiga nayo mjane aliyepoteza nyumba, baada ya maafa, ni kumgeuza Amosi awe mshitaki wa watu wale wale aliowatetea. Siwezi kulisema kwa upole zaidi ya hapo.

Kuhusu mlima wenyewe, serikali ilieleza kwamba sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikashindwa kujishikilia, ikameguka. Haukuwa mlipuko wa volkano. Watu zaidi ya 80 walikufa, wakiwemo watoto wadogo. Utauliza, basi mvua ile aliinyesha nani? Hapo Biblia haitupi jibu la mkato. Yesu hakueleza kwa nini mnara uliwaangukia wale na si wengine. Kitabu cha Ayubu kina sura 42, na rafiki zake Ayubu wanatumia nyingi wakimthibitishia kwamba lazima alikosa mahali. Mwishoni, 42:7, Mungu anawakasirikia wao. Jambo jema walilofanya liko 2:13, walipokaa naye chini siku saba bila kusema neno. Wangeishia hapo!

Swali lako la pili ni fupi, ingawa nahisi ndilo linalokunyima usingizi. Umesikia kwamba familia yenu ina laana ya ukoo, kwa sababu Kutoka 20:5 inasema Mungu huwapatiliza watoto maovu ya baba zao hadi kizazi cha tatu na cha nne. Soma aya inayofuata: rehema zinakwenda kwa maelfu. Kisha nenda Kumbukumbu la Torati 24:16, ambapo sheria inakataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba. Kisha Ezekieli 18 yote. Huko Babeli watu walikuwa na methali ya baba kula zabibu chachu na meno ya watoto kutiwa ganzi, nabii akawaambia waache kuitumia. Na katika Yohana 9, wanafunzi wanapouliza ni nani aliyetenda dhambi, kipofu au wazazi wake, jibu ni kwamba si huyu wala hao.

Wazee wa Kiiraqw walikuwa na metimani, ile mila ya kumtenga aliyepatwa na msiba au aliyeharibikiwa mimba, asichangamane na watu kwa muda mrefu. Makanisa yalihubiri sana dhidi yake. Nashangaa basi kuona mhubiri wa suti akiurudisha utengano uleule kwa mlango wa nyuma, akiwa na Biblia mkononi. Akikuomba fedha ili avunje laana hiyo, usimpe hata mia.

Mwisho umeniuliza kama ni dhambi kuuliza. Hapana, mdogo wangu. Matendo 8 kuna towashi wa Kushi, msimamizi wa hazina ya malkia Kandake, msomi, anasoma Isaya garini na haelewi. Filipo anamuuliza kama anaelewa, naye anakiri wazi kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza. Hakukemewa, alipandiwa garini akafundishwa. Waraka wa pili wa Petro, 3:16, unakubali kwamba nyaraka za Paulo zina mambo magumu, na kwamba wapo wanaoyapotosha. Kiongozi anayefoka akiulizwa, mara nyingi anaficha kwamba hajaandaa.

Ukikwama tena, usianze na aya iliyokukwaza. Soma sura nzima, na iliyotangulia. Jiulize nani anasema, na nani, na wasikilizaji wana hali gani. Kama unayo Biblia ya Union ya 1952, azima na Habari Njema uziweke pamoja, ile ya pili ni nyepesi kwa kuanzia. Halafu umpelekee swali katekista au mwinjilisti wenu, siku ya kawaida, si dakika tano baada ya ibada huku watu wanasalimiana.

Kwa shangazi, usiende na hoja zote hizi. Nenda ukae naye, mpike, mle. Akianza mwenyewe kuzungumza habari za yule mhubiri, ndipo umfungulie Luka 13, na umsomee hadi aya ya 9.