Mdogo Wangu, Usiache Kazi Bado

Wiki hii nina ujumbe wa binti mmoja wa Morogoro, na nimeurudia kuusoma mara tatu. Anauza kwenye duka la vipodozi. Anaingia saa mbili asubuhi, anatoka saa moja usiku, akishakula anaandika hadithi kwenye simu mpaka saa sita. Ana kundi la WhatsApp lenye watu 214, na kila mmoja analipa buku moja (shilingi elfu) asome hadithi mpaka mwisho. Anauliza: "Dada, wasomaji wananidai sehemu mpya kila siku, na bosi ananisema kwa kusinzia. Niache kazi niandike tu?"

Mdogo wangu, kwanza hongera. Watu 214 kutoa hela mfukoni kwa ajili ya maneno uliyoyatunga wewe, hilo ni jambo kubwa na usikubali mtu alidogoshe. Ila kazi usiache bado. Sogea tupige hesabu.

Umeniambia hadithi moja inakuchukua miezi miwili. 214,000 kwa miezi miwili ni 107,000 kwa mwezi. Toa kifurushi, toa makato ya kutolea hela. Kinachobaki hakiwezi kukulipia chumba na kukulisha. Na hapo tumedhani hadithi ijayo itawapata watu walewale, wakati unajua wapo wanaokopi na kupesti kwenye makundi mengine, sehemu ya kumi ikawa imeshazunguka mji mzima bure kabla hujaamka.

Ninachokiona kwenye ujumbe wako ni kwamba una kazi tatu, siyo mbili. Ya dukani, ya kuandika, na ya kuuza ulichoandika. Hii ya tatu hujaipa saa wala hela yake, kwa hiyo inakula za kuandika. Ukiacha duka, itakula zote.

Najua kwa sababu nimepita humo. Riwaya yangu ya kwanza niliimaliza Mei, nikataka niwe nayo kwenye maonyesho ya Sabasaba. Faili nilimpelekea mchapaji katikati ya Juni. Akaniahidi wiki moja, nikamwamini, nikatangaza kwa watu wote. Vitabu vilinifikia tarehe 20 Julai, mabanda yameshabomolewa. Nilivifungua sebuleni, gundi bado inanuka mbichi, nikakishika kimoja nikalia. Maboksi yakakaa chini ya kitanda, na masika yaliyofuata maji yakaingia chumbani yakaharibu mawili ya chini. Mchapaji alikosea kuahidi. Lakini mwezi Juni kila mwenye kipeperushi na kitabu anataka kazi yake itoke, na mimi sikuwa nimeuliza.

Tangu hapo nahesabu kurudi nyuma, nawe ukija kuchapa kitabu fanya hivyo. Vitabu viwe mkononi wiki ya kwanza ya Juni. Basi mchapaji apate faili Aprili mwanzoni, maana kuna nakala ya mfano ya kukagua, na lazima uikague ukurasa kwa ukurasa. Jalada na kupanga kurasa, Machi. Mhariri apewe Januari na Februari yote. Kwa hiyo mswada uwe umekamilika Desemba, na namba ya ISBN uwe umeshaiulizia Bodi ya Huduma za Maktaba kabla msanii hajafunga jalada. Ukiona hivyo utaelewa kwamba kitabu cha Sabasaba kinaandikwa tangu Sabasaba iliyopita. Januari usipange kuuza kitu, wazazi wengi wana ada.

Sasa hela. Nakufungulia daftari langu la kitabu cha pili, maana hapa ndipo wengi wetu tunapoumia bila kujua. Nilichapa nakala 300. Uchapaji 6,000 kila moja, jumla 1,800,000. Mhariri 400,000. Jalada 150,000. Kupanga kurasa 100,000. Zote 2,450,000, yaani kila nakala imenigharimu kama 8,170. Bei ya kuuzia 12,000. Nikampelekea mwenye duka kwa punguzo la asilimia 30, ananirudishia 8,400. Nikaona sawa, faida ndogo lakini ipo.

Kumbe nilishagawa nakala 20. Shangazi, mwalimu wangu wa sekondari, marafiki wawili watatu wa kanisani, watu waliosema "nipe nikusaidie kutangaza". Gharama ileile sasa inabebwa na nakala 280, na kila moja imepanda hadi 8,750. Maana yake kila kitabu kilichouzwa dukani kilinipa hasara ya shilingi 350. Walioniokoa ni wale walionunua kwangu moja kwa moja kwa 12,000, nikawatumia kwa basi, nauli ya mzigo juu yao. Simwambii mtu amnyime shangazi yake kitabu. Ninachosema, ziandike zile nakala kwenye hesabu kabla ya kupanga bei, kwa jina la kila atakayepewa.

Na hela ya kitabu usiichanganye na ya nyumbani. Fungua laini nyingine, hata ya simu ndogo, malipo yote yaingie huko. Humo ndimo inamokaa hela ya mhariri wa kitabu kijacho. Ukifika hapo, wewe ni mchapishaji. Ben Mtobwa, ambaye riwaya zake za upelelezi zilisomwa na nchi nzima, alianzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Namkumbuka kila ninapomsikia kijana anaona aibu kujiita mchapishaji wa kazi zake. Huna haja ya aibu.

Kuhusu wasomaji wanaokudai kila siku: waambie Jumanne na Ijumaa, na usianze kurusha hadithi mpya mpaka uwe na nusu yake mkononi. Watanung'unika wiki mbili, kisha watazoea. Siku zilizobaki zigawe. Jumatatu, Jumatano na Alhamisi usiku ni za riwaya ambayo haitarushwa popote, ile utakayoichapa kuwa kitabu. Jumamosi jioni ni ya mchapishaji: kujibu wanunuzi, kudai wenye maduka, kuandika hesabu. Jumapili lala, mdogo wangu. Kusinzia kwako kazini hakunifurahishi, na bosi wako hana kosa.

Tuzo nazo ziingize kwenye kalenda. Ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu, ina masharti yake; yasome kabla hujarusha hata sehemu moja ya mswada unaotaka kuupeleka huko. Na hao wanaokopi, haki ya kazi ni yako tangu ulipoiandika, lakini nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaisajili uwe na ushahidi mkononi siku ya kubishana.

Nunua kaunta buku, chora safu tatu: hela ya hadithi iliyoingia, iliyotoka, na mshahara wa duka. Jaza miezi sita bila kuruka, halafu nitumie picha ya ukurasa wa mwisho. Ukitoa safu ya pili kwenye ya kwanza na kinachobaki kikaizidi ya tatu miezi mitatu mfululizo, barua ya kuacha kazi tutaiandika pamoja.