SOMO LA AFYA: Nimonia Isiyo ya Kawaida kwa Watoto



Nimonia bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi zaidi wa chini ya miaka 5 duniani. Dawa inayotolewa kwanza katika zahanati zetu ni amoksilini, na imeokoa watoto wengi. Lakini ipo nimonia ambayo dawa hiyo haiiwezi. Wataalamu huiita nimonia isiyo ya kawaida. Tujifunze pamoja namna ya kuitambua.

Kwa nini amoksilini hushindwa?

Amoksilini huua bakteria kwa kuwazuia wasijenge ukuta wao. Kijidudu kinacholeta nimonia hii mara nyingi, kiitwacho Mycoplasma pneumoniae, hakina ukuta huo. Basi kumpa mtoto amoksilini kwa ajili yake ni sawa na kumtuma fundi akabomoe ukuta usiokuwapo.

Dalili zake

Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 na kuendelea. Huanza polepole: kichwa kuuma, koo kuwasha, homa isiyo kali, kisha kikohozi kikavu kinachoweza kudumu kwa wiki kadhaa. Mara nyingi mtoto huendelea kutembea na hata kwenda shule, na hivyo huwaambukiza wenzake. Dalili hutokea wiki 2 hadi 3 baada ya kuambukizwa. Kwa hiyo ndugu wa nyumba moja au watoto wa bweni moja wanaweza kuugua kwa kupokezana.

Uchunguzi

Hakuna dalili moja inayotosha kuthibitisha ugonjwa huu. Picha ya eksirei husaidia, na hospitali kubwa zinaweza kupima sampuli ya kooni. Katika zahanati, mganga hutegemea umri wa mtoto, jinsi ugonjwa ulivyoanza, na kama amepata nafuu kwa dawa ya kwanza.

Hata hivyo, kabla ya kuuliza ni nimonia ya aina gani, tuulize ni kali kiasi gani. Mtoto akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima. Anapumua haraka iwapo zimefikia:

- 60 au zaidi, kwa mtoto wa chini ya miezi 2;
- 50 au zaidi, kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11;
- 40 au zaidi, kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5.

Mtoto anayepumua haraka apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea sana, au ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe mara moja bila kungoja asubuhi.

Matibabu

Mganga akishuku nimonia hii hutoa dawa za kundi jingine, kama asithiromisini au erithromisini. Watoto wengi wenye ugonjwa mwepesi hupona hata bila dawa hizo. Kwa sababu hiyo tunawasihi wazazi wasizinunue wenyewe dukani. Zikitumiwa ovyo vijidudu huzizoea, na siku mtoto anapozihitaji kweli hazitamsaidia.

Tena, si kila kikohozi kisichosikia dawa ni ugonjwa huu. Kikohozi kilichozidi wiki 2 kinadai uchunguzi wa kifua kikuu. Mtoto mchanga aliyezaliwa na mama mwenye VVU anaweza kupata nimonia nyingine hatari sana, inayotibiwa kwa kotrimoksazoli. Kuchelewa kupima katika hali hizi kunagharimu uhai.

Wajibu wetu

Chanjo ya nimonia iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013 haizuii Mycoplasma, lakini huzuia pneumokokasi, mojawapo ya vijidudu vikuu vya nimonia kali. Kila mtoto aipate.

Kwa marafiki wafadhili: saa ya kuhesabia pumzi na kipimo cha oksijeni cha kidoleni ni vifaa vidogo, lakini humwonyesha mganga mtoto wa kupewa rufaa. Mtoto ambaye oksijeni yake iko chini ya asilimia 90 anahitaji kuongezewa oksijeni. Mtambo wa oksijeni nao hauna faida pasipo umeme wa uhakika na fundi wa kuutunza. Tunapopanga bajeti, tuvipange vyote pamoja.

Maswali ya kujadiliana katika kamati

1. Je, zahanati iliyo karibu nasi ina saa ya kuhesabia pumzi na kipimo cha oksijeni vinavyofanya kazi?
2. Usiku, mtoto mwenye dalili za hatari atafikaje hospitali, na nani atalipa nauli?
3. Nani katika kila jumuiya atajifunza kuhesabu pumzi na kuwafundisha wazazi?

Tunaomba kila kamati iandike majibu yake na kuyaleta kwenye kikao kijacho.