Kuunganisha Ruta ya Laini: Mwongozo kwa Kaya za Muyama na Vijiji vya Mpakani

Mwalimu, mhudumu wa zahanati au mwenye stesheneri ananunua ruta Kasulu mjini, anaiwasha Muyama, taa zinawaka zote, na intaneti haipo. Mara nyingi ruta ni nzima. Kinachokosewa ni mahali inapopiga.

Ndiyo, inapiga. Wengi wanadhani kupiga simu ili kupata intaneti kuliisha na modemu za simu ya mezani, zilizokuwa zikikwaruza masikioni na zisivuke kilobiti 56 kwa sekunde. Ruta ya laini inafanya kazi ileile kupitia mnara: inapiga *99#, inataja jina la mlango inaoutaka, inaruhusiwa kuingia. Kwenye ruta nyingi za Huawei, sehemu ya mipangilio hiyo bado imeandikwa Dial-up.

Laini kwanza

Laini iwe imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya anayeitumia. Piga *106# uhakikishe. Iweke kwanza kwenye simu, weka bando, fungua ukurasa wowote. Ikigoma kwenye simu itagoma kwenye ruta pia. Ukiwa hapo, ondoa PIN ya laini. Ukikosea PIN mara 3 utadaiwa PUK, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa.

Kuingia kwenye ruta

Unganisha simu au kompyuta kwa Wi-Fi ya ruta. Jina na nywila vimebandikwa chini yake. Fungua kivinjari uandike anwani iliyo kwenye kibandiko hichohicho, kwa kawaida 192.168.8.1 au 192.168.1.1. Nenda Dial-up, kisha Profile Management, utengeneze wasifu mpya. Sehemu ya APN ndiyo jina la mlango. Kwa Vodacom na Airtel andika internet, kwa herufi ndogo, bila nafasi mbele wala nyuma. Kwa mtandao mwingine piga 100 uulize, usibahatishe. Jina la mtumiaji na nywila ziache wazi, na *99# ukiikuta usiiguse. Hifadhi, zima ruta, iwashe upya.

Mpaka uko karibu

Hili ndilo linalosumbua zaidi huku. Muyama iko Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, na Burundi ni ng'ambo tu ya milima. Mawimbi hayajui mpaka. Ruta iliyoachwa ijichagulie mtandao hushika mnara unaosikika vizuri zaidi, na mnara huo unaweza kuwa wa Lumitel, kampuni ya simu ya Burundi. Hapo ama intaneti inakataa, ama inakubali kwa bei ya mgeni na salio linayeyuka huku bando la nyumbani halijaguswa.

Fanya mambo mawili. Zima data roaming. Kisha, kwenye utafutaji wa mtandao, toa Auto weka Manual, subiri orodha ije. Huchukua dakika kadhaa, usikate katikati. Orodha ikileta namba badala ya majina, tazama tarakimu 3 za mwanzo: 640 ni Tanzania, 642 ni Burundi. Vodacom ni 64004, Airtel 64005, Halotel 64009. Chagua wa laini yako. Ruta ikishindwa kujisajili, maana yake mnara wako haufiki hapo ulipoiweka, na sasa angalau unajua.

Wapi pa kuiweka

Chukua simu yenye laini ya mtandao huohuo, zunguka nayo dirisha kwa dirisha. Upande wa pili wa nyumba unaweza kutoa 4G wakati sebuleni inasoma E. Usiisukume juu ya dari chini ya bati. Mabati yanazuia mawimbi. Dirisha linalotazama kilima chenye mnara linatosha. Kwa anayetumia sola, soma adapta: ruta nyingi zinataka volti 12, lakini si zote, na yenye volti 5 ukiipa 12 imeungua.

Badilisha nywila ya Wi-Fi na ile ya kuingilia kwenye mipangilio, kwa kuwa ya kiwandani mara nyingi ni admin, na kila kijana wa kijiweni anaijua. Kompyuta ya Windows iambie kwamba mtandao huu unapimwa, yaani metered, la sivyo itajisasisha yenyewe na kumaliza bando usiku mmoja.

Ukifanya yote haya na bado hakuna kitu, piga 100 uripoti kijiji, kitongoji na saa, uombe namba ya lalamiko. Iandike. Mtoa huduma asipolitatua, peleka lalamiko hilo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, pamoja na namba hiyo. Bila kuanzia kwa mtoa huduma utarudishwa kwake. Mahali ambapo hakuna mnara wowote wa Tanzania unaosomeka, ruta haina kosa: ombi la mnara lipitie serikali ya kijiji na halmashauri kwenda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unaotoa ruzuku kwa kampuni za simu zijenge minara vijijini.