SOMO LA AFYA: PRESHA HAINGOJI TURUDI NYUMBANI

Leo tujifunze juu ya ugonjwa wa presha, ambao wengine wetu tumezoea kuuita tansio, na jinsi unavyoharibu moyo. Tumechagua somo hili kwa sababu kuna neno linalosemwa sana miongoni mwetu: "Presha yangu ni ya mawazo tu. Siku nikirudi nyumbani itaisha." Mwenye kusema hivyo huweka dawa kando na kuingoja siku hiyo. Hapo ndipo ilipo hatari.

Presha ni nini?

Moyo husukuma damu ndani ya mishipa. Msukumo huo ukizidi kwa muda mrefu, mishipa hukakamaa na moyo huchoka, kama baiskeli inayobebeshwa magunia kupita uwezo wake. Mwisho wake ni moyo kushindwa kazi, figo kuharibika au kupooza upande mmoja wa mwili. Kipimo kikionyesha 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda.

Wengi hawasikii dalili yoyote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha duniani hawakujua kwamba wanayo. Kwa hiyo tusiseme, "Mimi kichwa hakiniumi, basi ni mzima."

Je, ni mawazo tu?

Mawazo huchangia, hatukatai. Tumepoteza ndugu na mashamba. Lakini tuangalie jambo lililoonekana nchini Kenya. Watafiti waliwafuata Waluo waliotoka vijijini magharibi mwa nchi kwenda kuishi Nairobi, wakawalinganisha na waliobaki kijijini. Matokeo yalitolewa mwaka 1990. Presha ya waliohama ilipanda ndani ya miezi michache tu. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikula chumvi nyingi zaidi, na madini ya potasiamu yalipungua. Madini hayo hupatikana katika ndizi, maharage, viazi na mboga za majani.

Hao hawakukimbia vita. Walibadilisha mahali, na chakula kikabadilika pamoja nao. Sisi nasi tuliacha mashamba na migomba yetu, tukaanza kuishi kwa mgao.

Utafiti mwingine, uliotolewa mwaka 2005, ulihusu nchi 9 za Afrika kusini mwa Sahara. Ulionyesha kwamba mambo matano yanahusika na karibu asilimia 90 ya hatari ya kupata shtuko la moyo kwa mara ya kwanza: presha, tumbaku, kisukari, unene wa tumbo na mafuta mabaya katika damu. Pia umri na urithi wa familia huongeza hatari. Umri na urithi hatuwezi kuvibadilisha, lakini yale matano yana njia ya kuzuiwa au kutibiwa.

Tufanye nini?

1. Tupunguze chumvi. WHO inashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Makayabo tuyaloweke na kumwaga maji yake. Vile vipande vya kuungia mchuzi navyo vina chumvi nyingi; anayevitia asiongeze chumvi tena.
2. Tupande lengalenga na sombe kando ya nyumba, hata kama nafasi ni ndogo.
3. Tuache tumbaku, ya kuvuta na ya kunusa. Pombe nayo hupandisha presha.
4. Tutembee. Anayeshinda amekaa aunyooshe mwili kila siku.
5. Tupime, hata tukijiona wazima. Mama mjamzito apimwe kila anapokwenda kliniki, kwa maana presha ya mimba inaweza kumwua yeye na mtoto.

Juu ya dawa

Presha ikishuka, mara nyingi ni kwa sababu dawa inafanya kazi. Ukiiacha, itapanda tena. Tusiache bila kumwuliza mganga wa kituo, na tusigawane vidonge na jirani. Kama unaombewa, endelea kuombewa na dawa yako umeze; kimoja hakikatazi kingine. Ukiondoka kambini, iwe kurudi nyumbani au kwenda nchi ya tatu, chukua karatasi zako za matibabu na dawa za safarini.

Mtu akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamshinda, tusipoteze muda kutafuta aliyemroga. Tumpeleke hospitali saa ile ile.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika nyumba yetu, ni nani hajapimwa presha mwaka huu?
2. Chumvi tunayonunua huisha kwa siku ngapi, na tunakula watu wangapi?
3. Ni nani kati yetu ameacha dawa, na tutamsaidiaje kuanza tena?

Tunatamani kurudi nyumbani. Basi tuilinde mioyo itakayotufikisha.