Mgongo wa Mama Aliyepasuliwa: Kijitabu cha Nyumba za Panda

Mama amerudi kutoka maternite na mtoto wake. Kidonda cha tumbo kinakauka vizuri, lakini sasa mgongo ndio unaomsumbua. Akiinama kuwasha mbabula, hainuki mpaka ashike ukuta. Majirani wanalo jibu tayari: ni ile sindano ya ganzi aliyochomwa mgongoni kwa ajili ya upasuaji.

Sivyo. Dawa ya ganzi huisha nguvu baada ya saa chache. Pale ilipochomwa sindano panaweza kuuma kwa siku kadhaa, kisha panapoa. Watafiti wamewafuatilia wanawake waliopewa ganzi ya mgongo wakati wa uchungu pamoja na wale ambao hawakupewa, na hawakukuta tofauti katika maumivu ya mgongo ya muda mrefu. Msiikatae ganzi kwa hofu hiyo.

Chanzo ni kingine. Wakati wa mimba homoni hulegeza maungio ya nyonga, na misuli ya tumbo hutanuka kwa miezi 9. Misuli hiyo ndiyo inayoushikilia mgongo kwa mbele. Baada ya upasuaji inauma, na mama huenda amejikunja ili kukilinda kidonda. Ongeza kunyonyesha usiku na mchana shingo ikiwa imeinama. Halafu linakuja bidoni.

Bidoni la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Mtoto mchanga wa kawaida ana kilo 3 hivi. Kwa wiki 6 za kwanza mama asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Kanuni hiyo ni rahisi kuiandika. Kuifuata ni vigumu pale bomba linapokauka na maji yakawa ya kubebwa. Kwa hiyo inamhusu zaidi baba wa nyumba, mama mkwe, na vijana wote wenye mikono. Maji, gunia la makala, beseni la nguo mbichi, kufagia kwa ufagio mfupi, kusonga bukari ya watu wanane: hizo ni kazi za kiuno, na kwa sasa ni zenu. Kumpikia mama supu ya kuku kisha kumwachia ndoo si kumtunza.

Lakini asilale kitandani kutwa. Kutembea kidogo kidogo tangu saa 24 za kwanza, wahudumu wakiruhusu, husaidia damu kuzunguka na misuli kuamka. Anapotoka kitandani asijivute kwa tumbo: akunje magoti, ageuke ubavu, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mikono mpaka akae. Akikohoa au kucheka, akibane kidonda polepole kwa mto au kitenge kilichokunjwa.

Wakati wa kunyonyesha akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikanyage chini, na mto au vitenge viwekwe chini ya mtoto mpaka kinywa chake kifike kwenye titi. Mtoto ndiye apandishwe; mama asiinamie. Miguu ya mtoto ikipitishwa chini ya kwapa, haitapiga kidonda. Usiku alale ubavu na mto katikati ya magoti. Mbabula nayo ipandishwe juu ya matofali yaliyopangwa imara, mbali na watoto.

Kitambaa cha moto kiasi juu ya kiuno, dakika 15 hivi, hutuliza. Juu ya kidonda kisiwekwe. Kukanda tumbo kwa maji ya moto na kulifunga kitenge mpaka pumzi ikate, hata kama bibi alifanya hivyo, mama aliyepasuliwa asifanyiwe.

Kwa maumivu, paracetamol inafaa kwa anayenyonyesha: vidonge 2 vya miligramu 500, saa 6 zipite kabla ya kurudia, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini au mwili mdogo sana aulize kwanza. Ibuprofen pia hutumika, ila mwenye vidonda vya tumbo, pumu, figo mbovu au presha asiinywe bila kuuliza. Tramadol ya kununua barabarani, hapana kabisa: hupita kwenye maziwa na inaweza kumpa mtoto usingizi mzito mpaka apumue kwa shida.

Kwa wengi maumivu hupungua wiki hadi wiki. Yakizidi badala ya kupungua, mama arudi kituo cha afya.

Kuna dalili zisizosubiri: homa, usaha au harufu mbaya kwenye kidonda au ukeni, kukojoa kwa kuungua pamoja na maumivu ya ubavu, miguu kulegea, ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia mkojo au choo, kichwa kinachouma sana akikaa na kupoa akilala, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana. Ukiona hata moja, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku, na uchukue karatasi zinazoeleza upasuaji wake.