Transfoma ya Amplifaya: Piga Hesabu Kabla ya Kununua

Ndugu zangu, tangu ile amplifaya niliyounda mwenyewe ipige muziki kwenye sherehe yetu, wengi mmeniuliza transfoma nilichaguaje. Ukweli ni kwamba ya kwanza niliichagua vibaya, nikaunguza chipu mbili kwa jioni moja.

Chipu ninayotumia ni LM1875. Kikomo chake ni volti 60 kwa jumla, yaani 30 za chanya na 30 za hasi. Nikaona transfoma ya 22-0-22 inauzwa bei poa, nikajisemea, 22 si ndogo kuliko 30? Kumbe hizo 22 ni za AC. Zikishapita kwenye dayodi, kapasita hujaa mpaka kilele cha wimbi: 22 mara 1.414, yaani 31. Toa kama volti moja ya dayodi, inabaki 30. Halafu volti zinazoandikwa kwenye transfoma ni za wakati imebeba mzigo wake wote. Isipobeba kitu, transfoma ndogo hupanda asilimia 10 hivi au zaidi. Mita yangu ilisoma 33 kila upande. Kwaheri chipu.

Kwa hiyo anza na kikomo cha chipu, ndipo urudi nyuma. Ukijumlisha asilimia 10 ya transfoma isiyo na mzigo, na 10 nyingine ya umeme wa ukutani ukipanda, 18-0-18 inafika karibu 30 kamili. Wapo wanaoitumia. Mimi nikashuka hadi 15-0-15, maana umeme wa nyumbani mnaujua. Napata kama wati 15 kwa spika ya omu 8, zinatosha kabisa kumkera jirani. Spika mbili ni wati 30. Nikazidisha mara mbili kwa sababu chipu nazo zinakula umeme na kuugeuza joto, nikanunua ya VA 60.

Sasa sisi tulioko Marekani. Hapa ni volti 120 na hezi 60. Tanzania ni 230 na hezi 50. Tafuta transfoma yenye koili mbili za kuingizia za volti 115, iliyoandikwa 50/60. Hapa unaziunga sambamba, ukifika nyumbani unaziunga mfululizo. Ya hezi 60 peke yake itachemka kwenye 50, na kile kiboksi cha kushushia volti hakibadilishi hezi, jamani.

Ukikosea ncha za koili, zinapingana na transfoma inavuta umeme kama imepigwa shoti. Mara ya kwanza washa kupitia balbu ya wati 60 ya zile za zamani, iliyoungwa mfululizo, bila kufunga kitu upande wa kutolea. Balbu ikiwaka sana, zima, chomoa ukutani, geuza ncha za koili moja.

Na fyuzi: hapa naweka ampea 1 ya kuchelewa kukatika, nyumbani nitaweka nusu yake.