Swali la Hesabu ya Watakaookoka
(Luka 13:22–30)

Ndugu wapenzi, waalimu na wazee wa sharika, twawaomba mfungue Injili ya Luka, sura ya 13, msome toka mstari wa 22 mpaka wa 30, ndipo myasome haya yetu.

Bwana Yesu alikuwa njiani kwenda Yerusalemu, na mtu mmoja, ambaye jina lake hatukuambiwa, akataka kujua hesabu: je, watakaookoka watakuwa wachache? Swali hilo halikufa pamoja naye. Mama mmoja mzee, mwanafunzi wa ubatizo, alituuliza vivyo hivyo, ila hakuuliza habari za ulimwengu wote. Aliuliza habari za mtu mmoja tu. Mama yake mzazi alikufa kabla ya kulisikia Neno. "Mwalimu," akasema, "mimi nikibatizwa, je, namwacha mama yangu?" Mwenzetu mmoja aliyekuwapo akamjibu upesi kwamba wasioamini wote wamepotea, basi. Mama yule akanyamaza. Juma lililofuata hakuja darasani.

Ndipo tulipomkumbuka Radbod, mfalme wa Wafrisi, watu wa pwani ya kaskazini ya Ulaya, aliyekufa mwaka 719. Husimuliwa ya kuwa alikuwa amekwisha kutia mguu mmoja katika maji ya ubatizo, akamwuliza askofu Wulfram wazee wake wa zamani wako wapi. Alipoambiwa kwamba wako Jehanamu akautoa mguu wake, akasema ni afadhali akae na wazee wake kuliko kukaa mbinguni na watu wachache asiowajua. Hadithi hii iliandikwa miaka mingi baada ya kufa kwake, wala hatuwezi kushuhudia ya kuwa ndivyo ilivyokuwa. Lakini kila aliyefundisha darasa la ubatizo aujua mguu ule uliorudi nyuma.

Basi waalimu wa Kanisa walisemaje? Hawakukubaliana. Origene wa Misri, katika karne ya tatu, alitumaini ya kuwa mwishoni viumbe vyote vitarejezwa kwa Mungu. Kaisari Justiniano akayakataza mafundisho hayo mwaka 543. Agostino, askofu wa Hipo, alifundisha kwamba waachwao chini ya hukumu ni wengi kuliko wanaookolewa, na wengi katika Kanisa la Magharibi wakamfuata. Calvin akaendelea mbele zaidi, akasema Mungu mwenyewe aliwaweka wengine tangu milele kwa upotevu.

Sisi wa Ungamo la Augsburg hatuwezi kumfuata Origene, maana kifungu cha 17 cha ungamo hilo chakataa waziwazi neno la kwamba adhabu ya waliohukumiwa itakoma. Walakini hatuwezi kumfuata Calvin pia. Waalimu wetu walipoandika mapatano yao ya imani mwaka 1577, walishika mambo mawili pamoja: mtu akiokoka, ni kwa neema tupu; akipotea, ni kwa kosa lake mwenyewe, si kwa kuwa Mungu hakumtaka. Neno la 1 Timotheo 2:4 lanena habari za watu wote, nasi hatuna ruhusa ya kulipunguza. Mtu atasema kwamba mambo hayo mawili hayapatani. Kwa akili zetu hayapatani, ni kweli. Hata wao walilijua hilo, wakayaacha hivyo.

Na Luther mwenyewe je? Mwaka 1522 alimwandikia bwana mmoja, Hans von Rechenberg, juu ya swali la kama mtu aliyekufa bila imani aweza kuokolewa. Luther akajibu ya kuwa pasipo imani hakuna wokovu, wala hakulilegeza neno hilo. Kisha akaongeza: kama Mungu aweza kumpa mtu imani saa ya kufa, au hata baada ya kufa, nani atasema kwamba hawezi? Ila hakuna awezaye kuonyesha kwamba hufanya hivyo. Twapenda mwangalie sana mahali alipokoma.

Turudi kwa Luka. Bwana hakutaja hesabu. Aliwageukia waliokuwapo, akawaagiza wajitahidi kuingia kwa mlango mwembamba. Na neno la Kiyunani lililotumika hapo ni la watu wanaoshindana mieleka na mbio. Tena tazameni ni nani waliofungiwa nje. Si watu wa mbali ambao hawakupata kusikia. Ni wale wasemao ya kuwa walikula na kunywa mbele yake, na ya kuwa alifundisha katika njia za mji wao. Hao ni majirani wa Neno, watu waijuao kengele ya Jumapili, ni sisi. Nao waingiao, katika mstari wa 29, watoka mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, wala Bwana hasemi kwamba ni wachache. Yohana naye aliona mkutano usioweza kuhesabiwa (Ufunuo 7:9). Mtu asomaye mstari wa 24 akaacha hapo, amesoma nusu, na nusu hiyo ndiyo aliyopewa yule mama.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Wazee wengi waliozikwa kabla ya mwaka huo katika mashamba yao ya migomba hawakuambiwa jina la Yesu. Juu ya watu kama hao twajua kwa Luka 12:47–48 ya kuwa mtumwa asiyejua mapenzi ya bwana wake hahukumiwi sawa na yule aliyejua. Zaidi ya hapo hatukupewa.

Tulimwendea yule mama nyumbani kwake. Hatukumwambia ya kuwa mama yake ameokoka, maana hatukutumwa kusema hivyo. Wala hatukumwambia kwamba amepotea, maana kiti cha hukumu si chetu. Tulimsomea habari yote mpaka mstari wa 30. Akataka tuurudie ule wa 29. Kisha akauliza kama aruhusiwa kumtaja mama yake katika sala, amshukuru Mungu kwa ajili ya yule aliyemzaa na kumnyonyesha. Tukasema, naam.

Kama yafaa kuwaombea waliokwisha kufa, hilo ni jambo jingine, nalo tutaliangalia mwezi ujao, pamoja na neno gumu la 1 Petro 3:18–20. Waalimu na walisome kwanza.